Land Rover ya Baba, Inauzwa Ilivyo

Dalali wa kwanza alikuja na kopo la rangi. Alilizunguka gari mara moja pale chini ya mwarobaini, akagonga boneti kwa kifundo cha kidole, akaniambia: "Dada, leo tunalipiga puti, kesho tunalipaka kijani, keshokutwa tunalipiga picha likiwa linang'aa. Mtu akiuliza, wewe sema ni betri tu."

Ni betri tu. Shemeji yangu aliambiwa maneno hayo hayo akanunua pikapu, na ile "betri tu" ikamla injini, gia boksi na akiba ya miaka mitatu.

Jioni nilikwenda kwa fundi wetu wa Makorora, hapa Tanga, mzee aliyekuwa akilitengeneza gari hili tangu mimi navaa sare ya shule ya msingi. Alinisikiliza mpaka mwisho huku akifuta mikono kwa kitambaa kilicholowa mafuta ya taa. Kisha akaniuliza: "Mwanangu, wataka kuuza gari au wataka kuuza rangi?"

Kesho yake nilimrudishia dalali kopo lake. Anayenunua gari la kufufua ananunua kazi. Ukimficha ukubwa wa kazi hiyo umemwibia, hata kama gari umempa kwa bei ya kutupa. Nimeliuza gari la marehemu baba yangu kwa imani hiyo, na imenichukua karibu mwaka mzima. Nataka kueleza ilivyokuwa.

Gari lenyewe ni Land Rover 109, pikapu, injini ya petroli ya silinda nne, ujazo wa sentimita za ujazo 2,286. Hiyo 109 ni inchi, kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma, yaani karibu mita mbili na robo tatu. Taa zake za mbele zimekaa ndani, ubavuni mwa wavu wa rejeta, hazijahamia kwenye madigadi. Saa zake, yaani vile vipimo vya mwendo na mafuta, ziko katikati ya dashi, si mbele ya dereva. Kwa mjuzi, alama hizo mbili pamoja na namba iliyogongwa kwenye chuma chake zinatosha: ni toleo la Series IIA, lililotengenezwa kati ya mwaka 1961 na 1971. Taa zilihamia kwenye madigadi mwishoni mwa miaka ya sitini, na saa zikasogezwa mbele ya dereva toleo la tatu lilipoanza, 1971.

Lilikuwa gari la shamba la mkonge upande wa Muheza, na baba alikuwa dereva wake. Mtu wa Tanga hahitaji kuelezwa mkonge ni nini kwetu. Miche iliyoletwa na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893 ilifika hai 62 tu, ikapandwa Kikogwe kule Pangani, na kutokana na hiyo mkoa huu ukaja kuvikwa mkonge kutoka pwani hadi chini ya milima ya Usambara. Mwanzoni mwa miaka ya sitini hakuna nchi duniani iliyotushinda kwa zao hilo. Baba alibeba kila kitu katika gari hili: visu vya korona, ile mashine ya kutoa nyuzi za mkonge, mapipa ya dizeli, wagonjwa wa kupelekwa hospitali ya Bombo, na mara moja maharusi. Kamba za nailoni zilipoenea duniani bei ya mkonge ilianguka, mashamba yakaanza kufunga korona moja baada ya nyingine. Mwaka 1988 shamba la kina baba liliuza mali zake kuukuu kwa mnada, naye akainunua Land Rover aliyokuwa akiiendesha kwa mshahara. Mama husema siku ile baba hakula chakula cha mchana. Alikuwa akiliosha gari.

Mimi nilijifunzia udereva humo, katika barabara ya kupanda Amani, kule milimani Usambara. Anayeijua barabara ile atanielewa. Gia ya kwanza na ya pili za toleo hili haziingii kwa kulazimishwa. Unakanyaga klachi, unatoa gia, unaachia klachi, unagusa mafuta kidogo, unakanyaga tena, ndipo unaingiza. Ukikosea, gia boksi inapiga kelele mpaka watu wanaochuma chai wanainua vichwa. Baba hakunigombeza hata siku moja. Alikuwa akisema, "Sikiliza injini, mkono utajua wenyewe." Kulikuwa na kirungu cha njano, ukikisukuma chini magurudumu ya mbele nayo yanaingia kazini; na kingine chekundu, ukikivuta nyuma unaingia gia nzito, gari linapanda polepole kama mtu mzima aendaye msikitini.

Lilisimama mwaka 2009. Breki zilikuwa zimechoka, kabureta ilikuwa imeazimwa na mtu wa Pongwe ambaye hakuirudisha, na macho ya baba yalianza kupungua nuru. Tukaliweka juu ya mawe hapa nyumbani Sahare, na bahari haiko mbali. Miaka yote hiyo tulijiambia tunalitunza. Kila masika lilizama kidogo zaidi katika udongo.

Baba alifariki mwaka 2019. Nyumba haikuguswa, mama anaishi humo. Lakini gari lilikuwa mali ya urithi, na urithi una wenyewe. Mama ana thumni yake, yaani sehemu moja kati ya nane. Sisi watoto tuko wanne, wanaume wawili na wanawake wawili, na kila mmoja ana fungu lake kwa mujibu wa sheria ya dini. Land Rover haikatwi thumni. Kaka yangu mkubwa aliyeko Dar es Salaam hakutaka liuzwe. Alisema ni kumbukumbu. Nilimwelewa, kwa sababu na mimi usiku wa kuamkia kikao nililia. Lakini nilimuuliza mbele ya wote: nani atatoa fedha za kulitengeneza, na lini? Kikao kikakaa kimya. Mama ndiye aliyeamua. Alisema, "Baba yenu alilinunua atembee nalo. Mpeni mtu atakayelitembeza."

Kabla ya hapo walikuwa wamekwisha kuja watu wa vyuma chakavu, na hawa sitaki niwaseme vibaya, maana walisema kweli tangu mwanzo: walitaka kulikata. Walitoa laki tisa kwa gari zima. Land Rover ya aina hii ina uzito wa karibu tani moja na nusu, lakini nilivyowatazama niliona hawakupiga hesabu ya chuma. Walikuwa wakigonga milango. Bodi ya Land Rover ni ya alumini. Gari la kwanza la aina hii lilionyeshwa Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948, vita vilikuwa vimekwisha juzi tu, na Uingereza chuma kilikuwa cha mgao. Ndiyo maana walioliunda waliivika bodi alumini na kuacha chuma kwenye chesesi, ile fremu ya chini inayobeba gari zima, na sehemu chache za ndani. Na hapa kwetu alumini chakavu huyeyushwa ikasubiwa sufuria. Nilisimama pale nikafikiria mlango ambao baba aliweka mkono wake dirishani miaka ishirini na moja, umekuwa sufuria ya mtu asiyejua. Si jambo baya, watu wanapika, wanakula. Lakini nilisema hapana.

Jumamosi moja mzee fundi alikuja na gunia, nyundo ndogo, bisibisi ndefu na tochi. Mimi nilikuwa na kaunta buku na kalamu. Makubaliano yetu yalikuwa atakachokiona atakisema kwa sauti na mimi nitakiandika kama kilivyosemwa, bila kupunguza.

Alitandika gunia, akaingia chini kwa mgongo, akaanza kugonga. Nilijifunza siku ile kwamba chesesi inasema. Chuma kizima kikigongwa hulia ngii, sauti inasafiri mpaka upande wa pili. Kilichooza hulia pu, inafia pale pale. Chesesi ya Land Rover ni kama boksi refu, tupu ndani, kwa hiyo kutu haianzii nje unakoweza kuiona na kuifuta. Matope na maji ya chumvi huingia kwenye matundu, hukaa, hula kimya kimya kutokea ndani. Rangi ya nje inaweza kuwa nzuri huku ukuta wa chuma umebaki mwembamba kama ganda la yai.

"Ngii," fundi alisema kutoka chini. "Andika: nondo kuu ya kulia nzima." Ngii, ngii, ngii. "Kushoto nzima mpaka springi ya nyuma." Kisha: pu. Akanyamaza. Akachukua bisibisi, akaisukuma kwa kiganja tu, bila nguvu. Ikazama yote mpaka kwenye mpini. Akaivuta, na kutu ikamwagika usoni pake kama unga wa mtama. Alijifuta, akasema, "Njoo uone mwenyewe, usiandike kwa kuambiwa."

Nikaingia chini na gauni langu. Pale mbele ya springi ya nyuma ya kushoto palikuwa na kipande cha urefu wa kama shubiri moja na nusu ambacho kilikuwa kimebaki jina tu. Ile mikono inayotoka ubavuni mwa chesesi kubeba bodi, miwili ilikuwa imeoza na mmoja ulikuwa umeshikwa na kiraka cha zamani ambacho fundi alikitambua. "Hiki nilichomea mimi," alisema. Boriti ya nyuma, ile inayofungwa ndoano ya kuvutia, ilikuwa imeliwa pembeni kote kuwili. Ukuta wa chuma unaotenga injini na miguu ya watu ulikuwa na tundu upande wa abiria ambalo ningeweza kupitisha ngumi.

Alumini nayo ina ugonjwa wake. Yenyewe haipati kutu, lakini mahali inapogusana na chuma, chumvi ya bahari ikiingia katikati, alumini huanza kugeuka unga mweupe. Kila penye boliti palikuwa na kiduara cheupe, ukikwangua kwa ukucha kinamomonyoka kama unga wa muhogo. Kwa gari lililolala karibu na bahari miaka kumi na tano, fundi alisema, hilo lilikuwa la kutegemewa.

Injini ilitushangaza. Fundi alifungua plagi zote nne, akamimina ndani ya kila silinda dizeli iliyochanganywa na oili, akafunga matundu kwa matambara, akaondoka. Alisema tusiiguse mpaka Jumamosi nyingine. Jumamosi ile alichomeka hendeli pale mbele, kwenye tundu la bampa, akaegemea kwa uzito wa mwili wake. Haikutikisika. Akaegemea tena, akasema bismillahi, na kitu fulani ndani kikaachia kwa mlio kama wa kuvunja muwa. Hendeli ikateremka robo duara. Kisha nusu. Kisha likazunguka lote. Mama alikuwa amesimama mlangoni na ungo mkononi, mchele haujapepetwa.

Fundi aliniambia nizibe tundu la plagi kwa kidole gumba huku yeye anazungusha. Silinda ya kwanza ilinisukuma kidole kwa nguvu. Ya pili hivyo hivyo. Ya tatu vivyo hivyo. Ya nne ilipumua kama mgonjwa. "Tatu zina pumzi, ya nne imechoka," alisema. Oili kwenye kijiti ilikuwa nyeusi tii lakini haikuwa na rangi ya maziwa, maana yake maji hayakuwa yameingia. Yote hayo niliandika. Niliandika pia visivyokuwepo: kabureta, dainamo, betri, tairi moja la 750-16, na sehemu ya juu ya mlango wa abiria, maana milango ya Land Rover hizi imegawanyika, kipande cha juu chenye kioo hufunguliwa kwa boliti kikatolewa. Cha dereva kilikuwepo. Cha abiria tulikitafuta stoo nzima hatukukiona.

Stoo ndimo nilimokuta bati la biskuti. Ndani mna boliti, waya, vipuri vidogo, kila fungu limeviringishwa kwenye kipande cha boksi na kuandikwa kwa mwandiko wa baba: boliti za sampu, kofia ya distributa, nzima, springi za klachi, za zamani. Na moja, kipande cha chuma kisicho na jina wala umbo ninalolijua, kimeandikwa neno moja kwa herufi kubwa: USITUPE. Fundi alikigeuza geuza mwangani. Hakukitambua naye. Kikaingia kwenye orodha kama kilivyoandikwa.

Baada ya bodi na injini lilikuja suala la namba, na hapo nataka nikae kidogo, kwa sababu wauzaji wengi wa magari ya zamani huliacha mpaka mnunuzi amekwisha toa fedha. Kadi ya gari ilikuwepo, imechapwa wakati baba alipobadili namba za zamani kwenda hizi zinazoanza na herufi T. Kibati cha namba ndani ya gari kilikuwa kimeng'oka zamani. Lakini Series IIA ina namba nyingine, iliyogongwa kwenye chuma chenyewe, mbele kulia, kwenye pembe ya chesesi pale springi inaposhikwa. Ni tarakimu nane, na herufi moja mwishoni. Tarakimu tatu za mwanzo husema ni gari la aina gani. Herufi ya mwisho husema ni la mabadiliko gani ya kiwandani, na bila kuijua unaweza kununua kipuri kisichoingia.

Pembe ile ilikuwa na rangi tabaka juu ya tabaka. Nilikwangua kwa brashi ya waya asubuhi nzima. Chini ya kijani palikuwa na kijivu cha shamba, chini ya kijivu palikuwa na kijani kingine chepesi, chini yake chuma. Namba hazikusomeka, zilikuwa mashimo madogo kwenye weusi. Basi mwanangu, aliyerudi shule saa ile, akachukua chaki mfukoni akaisugua juu yake kwa ubapa, kisha akafuta kwa kiganja. Unga ukabaki ndani ya mashimo, namba zikasimama nyeupe.

Niliinua kadi nikalinganisha. Tarakimu ya sita kwenye kadi ilikuwa saba. Kwenye chuma ilikuwa moja. Na herufi ya mwisho haikuwemo kwenye kadi kabisa.

Nilijua maana yake. Gari ambalo kadi yake haifanani na chesesi ni gari ambalo polisi yeyote makini atalisimamisha, na aliyelinunua ataonekana mwizi. Ningeweza kunyamaza, namba ile ilikuwa chini ya rangi tabaka tatu, na mimi ndiye niliyeifunua. Badala yake nilipiga picha, nikachukua barua yangu ya usimamizi wa mirathi kutoka Mahakama ya Mwanzo, cheti cha kifo, kadi, nikaenda kuanza marekebisho. Gari likaja kukaguliwa nyumbani kwa kuwa haliwezi kutembea. Ilichukua wiki nyingi na nauli nyingi, lakini kadi iliyotoka inafanana na chuma. Huko huko niliomba waangalie kama gari lina deni lolote la ile ada ya mwaka ya leseni, iliyofutwa katika bajeti ya 2017/18, kwa ajili ya miaka ya kabla yake. Kwa msimamizi wa mirathi mwenzangu anayesoma hapa: anza na karatasi kwanza, picha za gari zipige baadaye.

Tangazo niliandika mwenyewe. Lilianza: "Inauzwa Land Rover 109 Series IIA, pikapu, ya kufufua. Haitembei. Inauzwa ilivyo." Kisha nikanakili kaunta buku yangu, na picha kumi na nane. Picha ya kwanza haikuwa ya mbele ya gari. Ilikuwa ya bisibisi iliyozama kwenye chesesi. Mdogo wangu aliniambia nimeharibu biashara. Bei niliweka milioni sita.

Simu zilikuja. Wengi walianza na "mwisho ngapi?" kabla ya salamu. Mmoja aliniuliza kama linatembea. Jirani mmoja alinishika mkono akanisihi nipandishe mpaka milioni kumi na tano, kwa sababu Oktoba 2024 Arusha ilifanya tamasha la Land Rover, mamia ya magari yalipita kwa msafara, na tangu hapo kila mwenye Land Rover uani anaota dhahabu. Nilimweleza kwamba yale yaliyopita kwenye msafara yalikuwa na breki.

Mmoja alinitia hofu. Alikuja na gari zuri, amevaa vizuri, hakuliangalia gari kabisa. Aliomba kuona kadi, kisha akaomba kuona pembe yenye namba. Akasema atanipa milioni tatu taslimu, gari nibaki nalo. Yeye anataka kadi na kile kipande cha chesesi tu, atakikata mwenyewe. Nilimuuliza atakifanyia nini. Akatabasamu. Nilimsindikiza mpaka getini, na usiku ule nikamwomba kijana wa jirani alale barazani. Kama una gari bovu lenye kadi safi, ujue wapo watu ambao kwao kadi ndiyo gari, namba yake huipachika kwenye gari la wizi, na jina litakalokuwa kwenye kadi ile litakuwa la marehemu wako.

Aliyelinunua alitoka Korogwe. Ni kijana wa kuchomelea, mwenye karakana ndogo ya mageti na madirisha. Alifika na basi la asubuhi, amebeba begi, na ndani ya begi mna nyundo ndogo na ovaroli. Alinisalimia, akamwamkia mama shikamoo, akaomba maji ya kunywa, akavaa ovaroli, akaingia chini ya gari. Alikaa humo saa nzima. Nilimsikia akigonga: ngii, ngii, pu. Alipotoka alikuwa na karatasi yake, akaiweka kando ya kaunta buku yangu mezani akalinganisha mstari kwa mstari. Kulikuwa na kitu kimoja alichokiona yeye ambacho mimi na fundi hatukukiona, ufa mwembamba kwenye shikizo la springi ya mbele kushoto. Niliuongeza kwenye orodha palepale, mbele yake.

Akaniambia, "Dada, nimekwenda kuangalia magari matano mwaka huu. Hili ndilo la kwanza ambalo ubovu wake niliujua nikiwa kwangu." Akaeleza hesabu zake bila kuficha. Chesesi ataichomea mwenyewe, chuma tu ndicho gharama. Kabureta na dainamo atazitafuta kwenye maduka ya vipuri ya mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam. Silinda ya nne itahitaji ringi, huenda na valvu. Matairi manne. Rangi mwisho kabisa, na si mwaka huu. Babu yake alikuwa mkata mkonge. Anataka gari la kubebea mageti mpaka vijiji vya milimani, huko ambako magari madogo hukwama. Tukapatana milioni nne na laki nane.

Mkataba tuliusainia kwa wakili, kila mtu na kitambulisho chake na namba yake ya mlipakodi, na orodha ya ubovu ikaambatanishwa nyuma, kurasa tatu, imesainiwa kila ukurasa. Wakili alisema hajawahi kuona mkataba wa gari wenye kiambatisho cha kutu. Kisha uhamisho wa umiliki TRA, mamlaka ya mapato. Fedha nilizigawa siku ile ile mbele ya shehe wa mtaa na kaka zangu: thumni ya mama laki sita; kaka zangu milioni moja na laki nne kila mmoja; sisi mabinti laki saba kila mmoja. Kaka mkubwa alizihesabu zake, akamrudishia mama laki mbili.

Siku ya kulichukua lilikuja lori la Fuso. Ilibidi tuchimbe, magurudumu ya nyuma yalikuwa yamezama mpaka kwenye ringi, na mizizi ya mwarobaini ilikuwa imepita kati ya springi kama inalishikilia. Vijana sita walisukuma, wengine wakavuta kwa kamba. Ilikuwa kamba ya mkonge, nene, tuliyoikuta stoo. Mama alikuja akaweka kiganja kwenye boneti akakiacha hapo muda, midomo inatikisika, akisoma. Halafu akarudi ndani. Pale lilipokuwa palibaki mawe manne na udongo mweusi wenye harufu ya grisi.

Wiki iliyofuata nilikuwa natafuta mayai. Banda la kuku liko nyuma ya jiko, baba alilijenga mwenyewe miaka ya mwisho wakati bado anaona kidogo, kwa mbao na mabati na chochote alichokuwa nacho, akalipaka chokaa. Lina dirisha moja lenye kioo cha kusukuma, ambalo nimelipita mara elfu. Niliinama kuchukua yai, jua la saa tatu likapita kwenye kile kioo likanipiga usoni, na nikaona fremu yake. Ilikuwa na matundu mawili ya boliti chini. Ilikuwa sehemu ya juu ya mlango wa abiria.

Nilimwita mama. Aliangalia, akakumbuka. "Alisema kuku wataka mwanga," akasema. Tuliifungua kwa spana ya namba kumi na nne ya baba, boliti mbili, taratibu kioo kisivunjike. Dirishani tukatundika gunia. Niliifunga kwa kanga kuukuu na kadibodi, nikaipeleka stendi ya Kange, konda akaandika namba ya simu ya kijana kwa kalamu nene, akaisimamisha nyuma ya kiti cha dereva. Jioni kijana alipiga. Imefika nzima.

Juzi ameniletea picha. Gari liko juu ya stendi za chuma alizozichomelea mwenyewe, bodi imetolewa, chesesi imebaki peke yake na vipande vipya vya chuma vinang'aa pale palipokuwa na pu. Milango miwili imeegemezwa ukutani, yote kamili. Ule wa abiria bado una madoa ya chokaa ya banda pembeni mwa kioo. Ameniuliza kama ayafute au ayaache, kwa heshima ya mzee.

Nimemjibu ayafute, apige msasa, na siku ikifika apake rangi aitakayo. Gari ni lake.